Kwa Yeni, Atakayeshika Zamu ya Saa Kumi na Moja

Yeni, ufunguo uko chini ya ndoo ya mwokaji mikate.
Kidato cha tatu cha ngazi hulia, kiruke:
kuta zetu ni za udongo, na kipaza sauti hakina adabu,
kinadaka kila kitu, mbwa wa Don Eleuterio,
unga unaopigwa huko chini,
na tumbo lako kama hukula.
Kwa hiyo kula. Viazi viwili. Jibini, hapana,
inagandisha ulimi kwenye kaakaa.

Usikikumbatie. Acha shubiri moja
kati ya chuma na mdomo, uso kando kidogo
kama mtu anayenong'onezwa.
Kiazi hapa kwetu ni *papa*, unajua mwenyewe,
na bei ya papa tunaitangaza mara nne kabla ya jua.
Mwaka wangu wa kwanza kila papa ilikuwa bunduki,
nikaupasua masikio mlima mzima.

Mwaka ule pia nilikuwa tarumbeta.
"Wapendwa wasikilizaji wa nyanda zote za Andes!"
Mama akaniuliza jioni, akimenya mahindi:
Ulikuwa unasema na nani?
Nikacheka. Nikamwambia, na watu wote.
Akasema, Aa. Akaendelea kumenya.

Halafu ikaja Julai, na karatasi kutoka zahanati.
*Kwa Teófilo Ccanto, aliyeko malishoni Wayra Pata:
mkeo amejifungua. Mtoto hakukaa. Shuka.*
Nikaisoma kati ya bei ya sufu
na salamu za siku ya kuzaliwa,
kwa sauti ileile ya kung'aa, bila kuvuta pumzi.
Mara moja. Nikaweka muziki.

Alishuka siku ya nne, kumbe mtoto alishazikwa.
Alipanda ngazi hizi, redio ikining'inia shingoni kwa kamba,
alpaka wamemwachia manyoya begani.
Hakugomba. Ningependa angegomba.
Alisema: *Nilikusikia, señorita.
Nilidhani ni tangazo la mbolea.
Jina langu lilipopita nikaligeukia,
halikuwepo.*

Neno la redio halina mkia wa kulishikia.

Tangu siku hiyo nasoma jina, nanyamaza,
nalisoma tena. Nahesabu moyoni hadi tatu,
mtu apate kuweka kikombe chini,
amnyamazishe mtoto, asogee.
Ukimya huo meneja atauita hitilafu.
Mwache auite.

Wewe una podikasti zako, najua,
za watoto wetu walioko Lima na Milano,
wanaokusikiliza wakisugua sakafu za watu.
Hao wanaweza kurudisha nyuma. Usifanye hiyo kuwa ruhusa ya uvivu.
Anayerudisha nyuma mara mbili, ya tatu anazima.
Na usitabasamu kwenye habari ya msiba:
tabasamu linasikika, sijui kwa njia gani, ila linasikika.

Karatasi usizipige kama karata.
Maji yawe vuguvugu.
Mimi bado namsemesha Teófilo, kila asubuhi,
hata ninapotaja bei ya sufu.
Wewe tafuta wako.

Taa nyekundu iliungua tangu Machi, usiingoje.
Sikiliza chini: saa ikifika,
mwokaji huacha kupiga unga.
Hapo uko hewani.