Nyeupe
Kalunde, karani wa chama cha asali pale Isevya,
kaniletea picha ya saba
ndani ya gazeti, kona moja imeliwa na mende.
"Huyu Mkanada," anasema,
kama anayemtaja shemeji.

Mimi kazi yangu fremu. Napima, nakata mninga.
Namuuliza: yaani weupe wote huu, unaulipia?

Anacheka, ananivuta dirishani.
"Haya, niokotee nyeupe humo."
Natafuta. Kuna buluu chini ya misonobari,
zambarau kwenye paa,
waridi kama ufizi wa mtoto;
nyeupe yenyewe haijai kijiko.

Ile ya tano aliinunua kwa deni la miezi minne.
Mihayo, mumewe, akanuna: ukuta hauliwi.
Siku hizi ndiye anayezipangusa vumbi,
na kitambaa hataki mwingine akiguse.

Jioni nafika kwangu. Muhogo haujaanuliwa,
umetanda mkekani, mweupe,
na kivuli cha ndoo juu yake

ni buluu.

Miaka hamsini napita hapa.
Nimesimama, msumari bado mdomoni,
naogopa kukanyaga.