Maoni ya Mwalimu wa Darasa

Fomu imeniachia mstari mmoja
niyaseme yote niyajuayo kuhusu Nyemo Chilongani,
Kidato cha Pili B, Kigwe.
Desemba niliujaza upesi: Hatulii. Ajirekebishe.
Nikapiga mhuri.

Na kweli hatulii. Goti lake ni cherehani
chini ya dawati, mpaka mwandiko wa jirani unaruka mistari.
Kalamu tatu tangu Jumatatu,
zote zimepitia tundu la mfuko wa suruali.
Machi nilimuuliza kipeuo cha pili
cha mia moja arobaini na nne.
Akasema, mwalimu, kuna nyigu anajenga juu ya ubao,
ameshaleta udongo mara saba.
Darasa likaangua kicheko. Nikamtoa nje.
Zilipita siku mbili
ndipo nikainua macho kumwona nyigu.

Mama yake alikuja kwa miguu kutoka Chigongwe,
cheti kimekunjwa mara nne kwenye pindo la kitenge
ili jina la Mirembe lisisomwe na upepo.
"Mwanangu si kichaa," alisema, sijauliza kitu.
Upungufu wa umakini, kilisema cheti,
na maneno mengine marefu baada ya mkato.
"Ng'ombe wa mjomba wake hawapotezi, hata ndama.
Ila ukimtuma chumvi
anakuletea habari zote za dukani,
chumvi hana."
Tulicheka, kisha yeye akalia,
nami nikajifanya natafuta chaki.

Tangu hapo anasoma amesimama, nyuma, karibu na mlango.
Hesabu tano, halafu auzunguke mwarobaini, arudi.
Siku nyingine hurudi.
Siku nyingine hupatikana stesheni
akihesabu mabehewa ya mizigo, na hakosei.
Mwalimu wa nidhamu ananiambia ninamdekeza.
Labda. Fimbo nilishajaribu, mimi mwenyewe,
na sitaki kuandika hapa ni mara ngapi.

Hisabati: thelathini na moja. Haijapanda sana.

Lakini juzi, katikati ya pembetatu,
hakuna aliyeulizwa lolote,
mkono ukanyooka kule mlangoni:
"Kumi na mbili, mwalimu."
Wenzake wakatazamana. Hata mimi sikuelewa mara moja.
Lilikuwa swali la Machi.
Alikuwa bado nalo,
miezi yote hiyo,
katika mfuko ule ule uliotoboka.

Mstari umejaa.
Nageuza fomu, naendelea nyuma.