Dirisha la Sita

Sanduku lilisema matano.
Matano shetrini, chini ya jogoo wa kuchongwa,
na picha ya kifuniko ikakazia: matano,
yanawaka manjano utadhani nahodha yuko mezani.

Lakini mimi ni mtu wa kuuliza.
Miaka thelathini na mmoja nimewachongea watu wa Harlingen
meno ya bandia, kwa nta na plasta;
najua pengo la nusu milimita linavyomnyima mtu usingizi.

Basi Januari, mfereji umeganda,
bata wanatembea juu yake kama wadai,
nikapanda treni ya saa mbili kwenda Leeuwarden,
kwenye nyumba ya nyaraka.
Bi Hylkema akaninyang'anya kalamu, akanipa penseli,
akanifungulia daftari la gati, mwaka 1668.
Mwandiko ule! Sisimizi waliokanyaga wino
wakaenda kumzika mwenzao.
Siku tatu naokota neno moja moja:
lami, mapipa saba. Katani. Misumari.
Bia ya mafundi. Bia ya mafundi tena.
Siku ya nne, kando ya doa la nta:
kwa Pier Lolkes, seremala, vioo vya madirisha sita
ya shetri ya Jogoo Mweusi.

Sita!
Nilicheka peke yangu mpaka Bi Hylkema akakohoa.

Usiku ule ule nikatoboa.
Plastiki si mbao, haina nyuzi za kukuonya;
ukiteleza umeteleza.
Sindano ya moto, kisha wembe, kisha tupa
niliyozoea kusawazishia magego ya wajane.
Palikuwa na kichala cha zabibu upande wa kushoto,
nikakifuta kwa msasa, dirisha likaingia,
limebanwa pembeni kama gego la ukubwani.
Mke wangu Tjitske akainama, miwani puani:
"Mbona linaonekana limekuja bila kualikwa?"
Sikumjibu. Nilikuwa na hati.

Februari milingoti. Machi kamba:
henza, demani, uzi mweusi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki,
mafundo mia nne na kitu, kibano kikitetemeka baada ya kahawa.
Mabaharia kumi na wawili, wote sura moja;
mmoja nikampaka makengeza ili awe na jina.

Aprili ikaja bahasha kutoka kwa Bi Hylkema,
nakala ya ukurasa wa mahakama, na neno lake kwa penseli: Pole.
Pier Lolkes ameshtakiwa.
Kioo cha sita hakikufika melini.
Alikitia jikoni kwa mama yake, nyuma ya kanisa,
kwa kuwa mama yule alikuwa mshona matanga
na macho yalikuwa yakimwacha.
Faini: gilda tatu,
na siku nzima kusimama gatini
fremu tupu ya dirisha ikining'inia shingoni.

Matano, basi.
Sanduku lilisema kweli, sijui kwa bahati
au kuna mtu kiwandani aliyeyasoma haya kabla yangu
akanyamaza.

Nikaziba. Tabaka tatu za lipu, msasa mkavu, msasa wa maji,
zabibu nikazichonga upya kwa ncha ya sindano,
zimepungua moja, hakuna atakayehesabu.
Rangi juu yake. Wageni wanaisifu tezi na omo,
wanauliza bei, wanauliza kama inaelea.

Lakini taa ikizimwa huwa narudi,
napitisha ukucha wa gumba palepale, kushoto,
na kovu lipo, jembamba kuliko unywele.
Hapo huniijia yule mama, asubuhi ya kijivu kama zetu,
amesogeza kiti karibu na mwanga wa wizi,
amelamba uzi, ameinua sindano.

Uzi unapita.