Nakala Mbili

Orodha yetu niliipa jina Shamba.
Imo simuni mwangu, imo kwenye kompyuta ya ofisi huku Mtumba,
imejificha nyuma ya jedwali la posho za watu,
na imo kwenye simu ya Ndahani kule Hombolo,
ile yenye kioo kilichopasuka kama tope la bwawa mwezi wa kumi.

Naandika: Salfa, mifuko miwili.
Naandika: Mlipe Malogo aliyepogoa safu za juu.
Naandika: Waya wa uzio, uliza bei kwanza.
Maagizo yangu yanaondoka mjini bila nauli.
Lakini shamba halina mtandao.
Mtandao wa kule uko juu ya kichuguu kimoja,
mashariki mwa mzabibu wa mwisho,
na kaka yangu hukipanda jioni, miguu ya njano kwa salfa,
mkono juu, kama anayeomba ruhusa darasani.

Hapo ndipo simu yangu hutetema:
vema, vema, vema.
Alama tatu kwa mpigo, kazi za siku nne.
Nami siku zote nne nimekwisha mlaumu,
nimemwita mzembe mbele ya chai ya ofisini,
kumbe salfa ilipulizwa Jumatatu,
kumbe Malogo alilipwa, akanywa, akalala, akaamka.
Kutenda ni jambo moja.
Kujulikana kwamba umetenda
kuna safari yake.

Naye huniandikia. Mafupi.
Njoo uone vichala.
Mama anauliza kama unakula.
Hili la pili nililiwekea vema bila kujibu.
Likatoweka, kama inavyotakiwa.

Juzi usiku umeme ulikatika Nkuhungu
na hesabu za msimu zikanikaa kooni:
kilo mia nane, na mnunuzi ambaye kila siku ni kesho.
Gizani, kwa kidole kimoja, nikaandika
Kuuza shamba.
Nikaipa tarehe. Nikaipa rangi nyekundu ya haraka.
Nikaitazama dakika moja, labda mbili.
Nikafuta.
Imefutwa, simu ikasema, nami nikajifunika shuka hadi kichwani.

Sikujua kwamba wakati uleule
Ndahani alikuwa juu ya kichuguu
akiangalia kama pesa ya mnunuzi imeingia.
Haikuingia.
Yaliingia maneno yangu mawili,
kabla kufuta kwangu hakujavuka Ihumwa.
Akashuka nayo.
Alikaa nayo siku mbili, nje ya mtandao,
akapalilia nayo, akala nayo ugali wa uwele,
mama akimuuliza mbona kimya.

Jumamosi mchana kioo changu kikaleta
kitu ambacho sijawahi kukiona:
Nakala mbili zimegongana. Chagua ya kubaki.
Kushoto, yangu: peupe.
Kulia, yake. Hakufuta. Hakuweka vema.
Alibadilisha neno moja:
Kuuza zabibu.
Na chini, mahali pa maelezo, ambapo hajawahi kuandika herufi:
Kreti ninazo ishirini. Kuna mnunuzi mwingine, anakuja Alhamisi,
anajua kupunja mizani. Wewe ndiye wa hesabu.
Basi la kwanza saa kumi na mbili.

Wala hakuuliza kwa nini.
Ningeweza kujitetea: nilifuta, tazama, nilifuta!
Ushahidi ulikuwa pale pale, upande wa kushoto,
mweupe, haumsaidii mtu.

Nikabonyeza kulia.
Kisha nikaongeza mstari chini yake, bila tarehe, bila rangi:
Mwambie mama nakula,
ila mlenda wa mjini hautelezi.

Pembeni kikatokea kiduara cha kijivu:
inasubiri upande wa pili.

Isubiri tu.
Jioni atapanda.