Bilauri ya Maji

Miaka ishirini na sita nimewapa maji.
Mtu akishuka kitandani, shavuni alama za taulo,
namtia bilauri mkononi: "Kunywa.
Sumu imeamka, maji yataisindikiza nje."
Niliwaambia hivyo madereva wa magari ya kuzoa theluji,
wauguzi wa zamu ya usiku,
na yule bibi harusi aliyelia bila kusema kwa nini.
Nilisema kama mtu anavyotaja jina lake.

Jumamosi, Thunder Bay,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
tulikaa kwenye orofa ya chini ya kanisa la Walutheri,
wakandaji kumi na tisa juu ya viti vya kukunja,
kila mmoja akisaka saa zake kumi na nne za masomo
leseni isije ikalala.
Mwalimu, Darcy Moonias,
alizaliwa mwaka niliponunua kitanda changu cha kwanza.
Akagawa utafiti, kurasa kumi na moja zenye pini pembeni,
akauliza: "Sumu gani? Itajeni jina."

Mashine ya kahawa ikakohoa.
Mtu wa nyuma akasema, asidi ya laktiki.
"Hiyo mwili huimaliza wenyewe," akasema Darcy,
"kabla fulana ya mkimbiaji haijakauka. Nyingine?"

Nikazama kwenye jedwali.
Hawa walikandwa. Hawa waliguswa tu.
Maumivu ya kiuno: yalipungua. Kiasi. Kwa muda.
Kiasi!
Nilitaka kulikwangua neno lile kwa ukucha.
Mikono yangu ilikaa mapajani
kama watoto wawili waliotolewa darasani.

Jumanne akaja Eino Rautio,
mstaafu wa maghala ya nafaka, bega la kulia.
Miaka kumi na minane nimemwambia nalivunja fundo.
Nikapaka mafuta, nikayapaka tena palepale.
"Eino, lile fundo… sidhani kama ni fundo.
Sidhani nimewahi kulivunja."

Sauti ikatokea chini, kwenye tundu la kitanda:
"Sasa miaka yote ulikuwa ukifanya nini humo?"
"Sijui yote. Labda mishipa ya fahamu
ikiguswa vizuri hulegeza ulinzi.
Labda. Wanaendelea kupima."

Akanyamaza hadi nikasikia hita ikiwaka.
"Basi punguza nguvu," akasema.
"Miaka kumi na minane nauma meno
nikidhani ndiyo dawa."

Meno. Sikuwahi kuyaona,
uso wake siku zote ulitazama sakafu.
Nikalegeza viganja. Nikauliza, mara ya kwanza,
hapa? inatosha? hivi je?
naye akanijibu kila mara kwa adabu,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya nyumbani kwake.

Alipomaliza kufunga kamba za viatu
mkono wangu ulishatangulia na bilauri. Mazoea.
"Ya sumu?" akauliza.
"Ya kiu."
Akanywa nusu,
nyingine akaimimina kwenye ua la dirishani,
ambalo, kusema kweli, nilikuwa nimelisahau.

Nimebakiza saa sita kabla ya Machi.
Nimejiandikisha somo la makovu,
jambo jingine ninalolijua vizuri mno.