Mkono wa Kushoto

Ninayo yote isipokuwa la nne.

La kwanza nililitoa kwa Koya, nyuma ya gereji za Wadi Kabir,
chini ya betri mbovu na mikebe ya rangi iliyokauka:
jalada jekundu, duara jeusi limekatwa ukingoni,
na jina la herufi moja tu, ghaini,
kubwa kama mlango, imelazwa chali.
Koya akaipapasa karatasi kwa dole gumba.
"Nusu riali. Nzuri hii, inafungia nati."
Nikampa riali nzima, nikaondoka mbio
asije akaona mikono yangu.

La pili lilitoka Basra, kwa mtu asiyetaka jina lake litajwe.
La tatu Bahareni: limelowa chai, limepungua kurasa kumi na sita,
na bado ni zuri kuliko mimi.
La tano, la sita. La saba, na hapo jarida likafa.

Walikuwa vijana sita na mashine ya kuazima,
Kuweti, mwaka sitini na nane,
wakipanga herufi za risasi, risasi isiyoua mtu,
wakachapa ukurasa mzima usio na neno,
nukta tupu,
nukta zilizotoroka herufi zao usiku
zikaacha ba na ta na tha zikiulizana nani ni nani.

Chumba changu cha wageni, Khuweir, hakipokei wageni.
Kipoza hewa hakizimwi, mchana wala usiku.
Pini zimeota kutu, nazing'oa moja moja kwa kibano cha nyusi.
Dada yangu Thureya husimama mlangoni na bili ya umeme:
"Wenzio wanakusanya dhahabu.
Wewe unayatia baridi makaratasi
ya watu hata kusoma hayasomeki."

Sikumjibu. Ningejibu nini?

Ijumaa moja, Sib, kwa Bi Shinuna,
nimempelekea dawa ya macho, nimekaa kwa kahawa.
Anapunguza vitu. Ananionyesha mfuko wa ruwaza zake:
makwapa ya karatasi ya saruji,
kola iliyokatwa kwenye kalenda ya benki,
mgongo wa bibi harusi, gazeti, habari za bei ya mafuta.
Na mkono.
Mkono wa kushoto, karatasi nzito, nyekundu,
tundu la pini begani, chaki kwenye kiwiko.

"Sleyum akiyaleta kutoka Kuweti, alikuwa akifagia kiwandani.
Karatasi ngumu ile, haifi upesi.
Nimeshonea harusi arubaini kwa huo."

Kahawa ikapoa mkononi mwangu.
Mkasi wake umepita katikati ya duara,
umeteremka kwa mkunjo wa kwapa, mmoja, bila kusita,
mkunjo ambao wale sita waliutafuta kwa matoleo saba.
Na ghaini ile, nukta yake imekwenda na vipande.
Imebaki aini.
Jicho. Linanitazama.

"Na wa kulia uko wapi, Bi Shinuna?"

"Wa kulia wa nini, mwanangu?
Unaugeuza."

Akaugeuza.
Nyuma, ukurasa wa nukta,
na jina la mpanga herufi ambalo halimo katika toleo jingine lolote,
limekatwa nusu: *...hab bin Jum...*

Nikataja bei. Nikaipandisha. Nikaona haya, nikanyamaza.
Akaukunja mkono, akaurudisha mfukoni,
akanipima kwa macho, bega hadi kifundo.
"Pesa zako weka. Lete kitambaa."

Rafuni, kati ya la tatu na la tano,
pana nafasi ya upana wa kidole. Sijaijaza.
Thureya akiuliza la nne limepatikana
namnyooshea mkono, anadhani namwomba kitu.

Kwapani panabana kidogo.
Ama nimenenepa,
ama wale vijana walikuwa wembamba.