Mlinzi wa Mikoba

Theluji imefika usawa wa madirisha.
Muskegon yote imejikunyata chini ya shuka lake,
na hapa mezani mkwe wangu Delmar
amepiga mstari katikati ya karatasi:
kushoto Mji wa Taa, kulia Bonde la Radi.
Viwanja viwili vya Florida, pochi moja.

Anaanza na tiketi. Siku zote huanza na bei.
Mtu aliyelipa mkopo wa nyumba miaka kumi na tisa
husoma tarakimu kama wengine wasomavyo zaburi.
Taa: ghali, lakini basi la hoteli ni bure.
Radi: nafuu, ila kuegesha gari
utadhani unalinunua upya gari lenyewe.

Maren, miaka kumi na minne, anataka Radi.
Kuna behewa huko linalopinduka mara saba;
moyo unaachwa juu, mwili unatangulia chini.
Kiti ameshachagua: cha mbele kabisa.

Corinne, binti yangu, anataka Taa.
Hasemi kwa nini.
Najua mimi. Alikwenda ana miaka sita, na marehemu baba yake,
na picha ipo: yuko mabegani, ameshika puto la manjano
lililomponyoka kabla ya chakula cha mchana.
Alilia mpaka Georgia.

"Na wewe, Mama?" anauliza Delmar, kalamu juu.
Nacheka. Mimi ni mlinzi wa mikoba.
Nimezunguka viwanja vingapi
bila kupanda kitu kirefu kuliko ngazi?
Mimi niulize mabenchi.
Ya Mji wa Taa ni ya chuma, yanapendeza pichani,
na saa sita mchana yanakaanga mapaja.
Ya Bonde la Radi, kwa habari za jirani yangu Hedvig,
ni ya mbao, yana kivuli, yana feni ya mvuke,
na yote yametazama choo.
Hakuna masika yasiyo na mbu,
na Florida, kwa nionavyo, ni masika mwaka mzima.
"Andika hilo," namwambia.
Naye anaandika, kwa herufi kubwa: MABENCHI.

Tobin hajasema neno.
Amesimama mlangoni pa stoo, mgongo kwenye fremu,
penye alama za penseli za miaka yote.
Miaka saba, na amesoma maandishi madogo
ambayo sisi wakubwa tuliyaruka:
langoni pa behewa kuna fimbo,
inchi arobaini na nane, bila huruma.
Tangu Jumapili amejipima mara nne.
Arobaini na sita na nusu.
Jana, na viatu vya theluji: arobaini na nane kamili.
"Bibi," ananiuliza, "Florida wanaruhusu viatu vya theluji?"

Kijiko cha Corinne kikaacha kukoroga.

Maren akaivuta karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.
"Foleni za Radi ni balaa," akasema.
"Saa mbili umesimama, kwa dakika mbili za kupiga kelele.
Sikujua."
Alijua. Wiki iliyopita nilimwona akizisoma namba hizo
na kutabasamu.

"Twende Radi tu," Tobin akajibu, uso kwenye fremu.
"Nitakaa na Bibi. Nitamsaidia mikoba."

Basi hapo hesabu ya Delmar ikavurugika.
Kila mmoja ameshika cha mwenzake,
hakuna anayetaka kukiachia,
na karatasi haina safu ya mambo hayo.
Akaikunja, akaibandika kwenye friji
kati ya bili ya gesi na ratiba ya daktari wa meno.
"Tutaona kesho."

Asubuhi nilitangulia kuamka kuchemsha kahawa.
Mlangoni pa stoo nikakuta alama mpya,
juu ya ile ya jana kwa upana wa kidole,
imechorwa kwa mkono uliotulia,
kwa penseli ya zambarau.
Nani nyumba hii ana penseli ya zambarau,
sikuulizwa, na sisemi.